Kushoto Kweupe

"Kabureta usiiguse," baba alisema tena, amesimama mbele ya boneti na kuiziba kwa kiwiliwili chake chote. "Hiyo niliirekebisha mimi kwa sikio kabla wewe hujazaliwa."

Binti yake akamjibu kwamba sikio hilo hilo ndilo lililoliacha gari linatetemeka kama mwenye homa, na kwamba yeye ameacha nguo za watoto kwenye beseni. Ama asogee, ama amwambie arudi akazifue. Baba akasema hakumwita aje kumtusi. Akasema magari ya siku hizi hutibiwa kwa kuchomekwa waya, fundi akasoma kwenye kioo cha kompyuta, lakini gari la kabureta linataka mtu. Binti akasema na yeye ni mtu. Akaongeza kwamba diploma ya ufundi hakuipata kwa kusoma kioo, na kwamba gereji yake imejaa magari mazee kuliko hili, yameletwa na wazee wabishi kuliko yeye.

"Wabishi kuliko mimi hakuna," alisema baba, na hapo hata yeye mdomo ukamcheza. Akasogea.

Ndivyo walivyopendana hao wawili, kwa kurushiana maneno. Lakini safari hii maneno yalikuwa na makali, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakaribia. Jumatatu baba alitakiwa aanze kuwapeleka wajukuu shule, wao pamoja na watoto wa majirani. Ahadi ilikuwa imeshatolewa. Tangu astaafu udereva wa mabasi ya safari ndefu, alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki kama mzigo uliosahauliwa stendi, na hii ilikuwa kazi ya kwanza mtu kumpa. Aliyempa ni binti yake, wala hakumpa kwa huruma. Gereji ilifunguliwa alfajiri, mume alikuwa kazini mji mwingine, na watoto walikuwa wanafika shule kengele imeshalia. Gari likipona, baba anarudi kuwa dereva na yeye anapata asubuhi zake. Lisipopona, kila mtu anabaki alipo.

Gari lenyewe lilikuwa na boneti ndefu na rangi ya kijivu iliyopauka mabegani. Baba aliliita Bi Mkubwa. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye aliolewa wa pili, akamkuta mwenzake amesimama uani, na kwamba mwenzake ndiye anayepakwa mafuta kila wiki.

Leo mama hakuwa na mzaha. Alikuwa kibarazani na cherehani yake, anafumua sketi ya shule kwa kile kipande cha wembe alichokivika kitambaa upande mmoja kisimkate vidole. Bila kuinua kichwa akasema gari likizeeka liachwe lipumzike, watoto wana miguu.

"Mama, wewe unasema hivyo?" binti aliuliza. "Wewe na kiti chako cha mbele?"

Maana hakuna aliyekipenda kiti kile kama mama. Alikaa pale kila safari na kazi yake ya mkononi mapajani, na baba alimwita utingo wake. Walikuwa na wimbo wao. Wakifika njia panda baba huuliza, "Kushoto?" na mama hujibu, "Kushoto kweupe," kisha gari linaondoka. Watoto wa nyumba ile walicheka wimbo huo miaka nenda rudi. Wajukuu waliuimba wakicheza na viti. Binti aliuchukulia kama mahaba ya wazee, akauacha hapo.

Akafungua boneti. Aliwasha injini kwanza aisikilize jinsi inavyolalamika, kwa sababu ukikimbilia spana kabla ya kusikiliza utafungua kizima na kuacha kibovu. Injini iliwaka kwa taabu. Ikatetemeka, ikakohoa, ikapanda, ikashuka, na bila mguu kwenye mafuta ikazima. Baba akasema ni petroli chafu. Binti akafungua chujio la petroli, likawa safi, akamwonyesha. Baba akasema basi ni koili. Binti akawasha tena, akamwambia baba ashikilie mafuta kidogo, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira na kuurudisha. Kila waya ulipotoka injini ilidhoofika vilevile. Hakuna silinda iliyokuwa imelala. Zote zilikuwa zinafanya kazi, na zote zilikuwa na njaa.

Baba, mikono imeshapata kazi, akapata na maneno. Akauliza kama kiatu cha mjukuu kimeshapatikana.

Hakikuwa kimepatikana, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Fundi viatu wa kona ya ghala, aliyekaa pale na mwavuli wake tangu binti anasoma, aligongwa jioni moja ya mvua akikusanya vifaa vyake. Gari halikusimama. Alilala hospitali, na wiki iliyopita akafa. Viatu vya watu vilikuwa bado vimefungiwa kwenye sanduku lake, cha mjukuu kikiwemo, na hakuna aliyekuwa na uso wa kwenda kumuuliza mjane ufunguo. Polisi walikuwa wamemkamata dereva wa gari la mikate kwa sababu bampa lake lilikuwa limebonyea na njia yake ndiyo ile. Yuko ndani mpaka leo.

"Bampa lile lilibonyezwa na nguzo ya gereji yangu," binti alisema. "Mwezi mzima kabla. Nilimwambia alilete ninyooshe, akawa hana nafasi."

"Ukawaambie."

"Nimewaambia. Wanasema nilete risiti ya nguzo."

Baba akatema mate pembeni. Akasema madereva siku hizi si madereva, ni watu walioketi mbele ya usukani. Mtu anamgonga mtu mzima na kuendelea kama amekanyaga jani. "Mimi," alisema, "mtu wa namna hiyo ningemnyang'anya leseni, halafu ningemnyang'anya na mikono."

Kibarazani cherehani ilinyamaza. Mama akamwambia mumewe aingie ndani akabadilishe shati, lile limeshapata grisi na yeye ndiye anayefua. Alilisema kwa sauti ambayo wake waliokaa muda mrefu kwenye ndoa wanayo. Baba akaingia, akinung'unika.

Binti akazima injini, akafungua plagi moja. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Injini inayokula sawasawa huacha rangi ya kahawia pale. Nyeupe maana yake petroli ni chache na hewa ni nyingi. Akairudisha, akawasha, akavuta choki nusu ili kuibana hewa ya kabureta. Injini ikatulia. Akaiachia, ikaanza kukohoa upya.

Basi kabureta haikuwa na kosa, na mzee alikuwa na haki ya kuilinda. Hewa ya ziada ilikuwa inaingia mahali pengine.

Alichukua chupa ya mama ya kunyunyizia maji nguo za kupigwa pasi. Hii ni kazi ya subira. Unanyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio, hapa, pale, na penye tundu injini huyanywa maji na sauti hubadilika. Alinyunyiza chini ya kabureta, hakuna. Akazunguka manifoldi yote, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, hakuna. Akafika nyuma, kwenye mpira mnene unaorudisha moshi wa injini ndani ya manifoldi, ambao ulikuwa umefungwa utepe mweusi mahali pamoja. Ile ilikuwa kazi ya fundi jirani. Baba alishamwambia kwamba fundi huyo alipita, akaziba, gari likawa zima kwa muda mfupi, kisha likaugua upya. Alinyunyiza kwenye utepe. Hakuna. Akanyunyiza chini ya mpira, upande usioonekana mpaka uinamishe shingo kuelekea ukutani, na injini ikajikwaa.

Akaubana mpira kwa mkono. Injini ikanyooka, ikawa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Angeweza kufurahi hapo. Badala yake alizima, akafungua vibanio, akauchomoa mpira na kuugeuza juani.

Mpira ukizeeka hupasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta, nyufa nyingi, ndogo, kila upande. Huu ulikuwa bado laini. Ulikuwa na mpasuko mmoja tu, mrefu, umenyooka kama mstari wa rula, na kingo zake zilikutana vizuri mpaka ukiuachia hauonekani. Akabandua utepe wa fundi jirani. Chini yake palikuwa na mpasuko mwingine, ndugu wa ule. Mtu alikata. Ulipozibwa, mtu huyo alirudi akakata tena, safari hii chini, mahali ambapo jicho bovu halifiki.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa anadai gari usiku na mchana. Wa pili alikuwa kibarazani na kipande cha wembe.

Akaenda na mpira mkononi, akauweka juu ya sketi. Mama aliutazama. Hakuuliza ni nini. Mke wa dereva anayajua matumbo ya gari. Aliwahi kukaa porini na mume huyo, Bi Mkubwa amefunguliwa boneti, yeye akishikilia mpira huu huu kwa kidole ili injini iwake.

"Nilidhani fundi mwingine atakuja," mama alisema. "Sikudhani utakuja wewe."

Binti akamuuliza kwa nini. Aliuliza mara moja tu, kisha akangoja.

Mama aliyasema huku akikunja pindo la sketi kwa vidole, kama anayepima. Kwanza jicho. Jicho la kushoto la baba lilikuwa halioni kwa muda mrefu, kama dirisha lililoshushwa pazia, na wimbo wa kushoto kweupe haukuwa mahaba. Ulikuwa ndiyo jicho lenyewe. Alipostaafu wakakubaliana, yeye na mumewe, kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu. Yeye ataona kwa niaba yake. Na aliona vizuri, mwaka baada ya mwaka, mpaka ile jioni ya mvua.

"Nilikuwa nashona pindo," mama alisema. "Akauliza, kushoto? Nikasema kweupe. Mdomo ulisema wenyewe. Sikuinua macho."

Binti akaketi kwenye ngazi.

"Gari likagonga kitu. Akaniuliza ni nini hicho. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, kilikuwa kimening'inia, lakini nilimwona. Mwavuli ulikuwa umemfunika nusu. Nikamwambia shimo. Nikamwambia endelea."

Kioo hicho kilikuwa kimefungwa kwa waya. Baba alimweleza binti kwamba mtu alikigonga sokoni. Aliamini hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Mama akaendelea, sauti yake kavu. Alikwenda hospitali. Alisimama mlango wa wodi mkoba mkononi, hakuingia. Mke wa fundi viatu alimwona, akadhani ni mteja, akatoka nje akamwomba radhi kwamba viatu vyake vimechelewa. Mama akamwambia havina haraka. Alipofika nyumbani ndipo alipokata mpira kwa mara ya kwanza, kwa sababu mumewe alikuwa anapiga mluzi na kuosha gari kwa ajili ya watoto wa shule. Alipolipata limepona, akakata tena.

"Wangekaa humo wote," alisema. "Wanao. Na mimi nisingekuwepo kila siku."

Alikuwa na ombi lililokwisha kupikwa, likingoja tu mlaji. Binti ni fundi mwenye cheti, akisema injini imekufa baba atabisha lakini ataamini. Gari liuzwe vipande. Baba akae kwenye kiti chake na jina lake. Kwa safari zote zile, na mabasi yote yale, hajawahi kumwaga damu ya mtu, hicho ndicho kitu pekee alicho nacho. "Usimnyang'anye, mwanangu. Kosa ni langu. Acha nilibebe mimi."

Binti hakuwa mtu wa machozi ya haraka. Aliona jinsi jambo lile lingekuwa jepesi. Sentensi moja tu, tena nusu yake kweli, kwamba gari hili halifai tena. Mzee angenuna, angezoea. Watoto wangechelewa shule, wangezoea. Na mama angeendelea kushona mapindo akiwa na maiti mapajani mpaka mwenyewe afe, kwani mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya yalikuwa yameshamuumbua mtu mwingine.

"Na dereva wa mikate?" aliuliza.

"Watamwachia. Hana kosa."

"Mama. Hana kosa na yuko ndani."

Mama alijaribu kuingiza uzi kwenye tundu la sindano, ukakataa, akajaribu tena, ukakataa.

Binti akainuka, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa. Alikuwa na kipande cha mpira mpya cha kipimo kile kile. Akakikata, akakivika huku na huku, akakaza vibanio mpaka mwisho. Akawasha. Bi Mkubwa aliitika kwa mara ya kwanza, bila kikohozi, bila mtetemo. Kikombe cha chai alichokuwa amekiweka juu ya betri hakikutikisika.

Baba akatoka mbio za wazee, amevaa shati la kazi la zamani, la mikono mifupi, limepigwa pasi mpaka mistari inasimama. Alikuwa amelitunza kwa ajili ya Jumatatu. "Nilisema kabureta haina kitu," alisema. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, baba. Ni kweli."

Akazima injini. Akamwambia papo hapo, amesimama, mkono kwenye bodi ya gari, bila kuzunguka, kwa sababu maneno ya namna ile ukiyazungusha yanapata meno zaidi. Mpira ulikatwa. Aliyeukata. Kwa nini. Kona ya ghala, mvua, mwavuli.

Baba alisikiliza huku akitabasamu bado, kwa kuwa uso haukuwa umepata habari.

"Lile lilikuwa shimo," alisema.

"Shimo halishoni viatu, baba."

Akageuka. Ilibidi ageuze kichwa chote ili amwone mkewe, kwani alikuwa upande wa kushoto. Binti aliona hilo sasa, na akashangaa kwamba yeye, anayeona mpasuko chini ya mpira, hakuwahi kuliona.

"Ulisema kweupe," baba alimwambia mkewe.

"Nilisema."

Baba akagusa jicho lake la kushoto kwa kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi mlango wa nyumba isiyo na watu. Binti alidhani atapiga kelele, au atamtupia mama neno ambalo halitafutika. Hakufanya hivyo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kuona ni kazi ya dereva, si ya utingo, na kwamba yeye ndiye aliyempa mwenzake kazi isiyo yake. Kisha akaanza kuuliza maswali ya kidereva: kama mtu yule alikuwa amesimama au ameinama, kama alikuwa na watoto. Mama akamjibu lile la pili. Baba akashika kioo kilichofungwa waya.

Binti akasema anakwenda kituoni sasa hivi, na gari hili hili, kwa sababu polisi watataka kuliona na yeye hataki usiku uingie katikati. Usiku huleta mashauri. Atakayetaka kwenda, apande. Asiyetaka, yeye mwenyewe atawasimulia polisi kwa niaba yake.

Mama akasema wampe nafasi afunge mlango. Akaingia, akatoka na mtandio kichwani. Kile kipande cha wembe alikuwa amekifunga kwenye leso, akakishika mkononi.

Baba alikuwa ameshatoa pochi. Akatoa leseni, akaitazama ile picha ya kijana mwenye macho mawili, akampa binti yake. Akazunguka gari kwa nyuma, akafungua mlango wa kiti cha mbele cha kushoto, kile cha mkewe, akaketi na kutafuta mahali pa kuweka mikono. Mama akapanda nyuma. Hakuwahi kukaa nyuma, na alihangaika na kitasa mpaka binti akamfungulia.

Wakatoka. Kwenye njia panda ya kwanza binti alipunguza mwendo, na kwa nyuma akasikia mama akivuta pumzi, akianza, "Ku...", kisha akanyamaza. Baba alitazama mbele. Binti akainama juu ya usukani, akatazama kushoto mwenyewe, akatazama tena, ndipo akaingia barabarani.

Walipita kona ya ghala. Sanduku la fundi viatu lilikuwa pale pale, kufuli juu yake.

Kituoni askari wa getini aliwasimamisha, akaangalia gari huku na huku, akasikiliza. Akasema la zamani kweli, lakini injini inaimba, ni nani fundi wao. Binti akaegesha, akazima, akachomoa ufunguo. Baba alikuwa ameshashuka, anatembea kuelekea mlangoni mbele yao wote, kichwa amekigeuza kidogo upande wa kushoto ili aione njia.